Soko la mpira mmoja

Tarehe 28 Mei 2025 Emmanuel Clase aliingia uwanjani kuimalizia timu ya besiboli ya Cleveland Guardians mechi dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mbele yake alisimama mpigaji Andy Pages. Clase akarusha, Pages akazungusha rungu, ikahesabiwa straiki, yaani alama dhidi ya mpigaji; zikifika tatu anatolewa. Kwa sisi mashabiki wa Cleveland hilo ni jambo jema la kawaida kabisa, straiki moja kati ya mamia ya mipira inayorushwa katika mechi moja. Cleveland walishinda siku ile, watu wakarudi makwao.

Ila kuna waliolia. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyofunguliwa Brooklyn, New York, Novemba 2025, wabetiji walikuwa wameweka takriban dola 4,000 kwamba mpira ule ungekuwa boli, yaani ungepita nje ya eneo la straiki na mpigaji angeuacha upite. Pages aliwachania mkeka kwa kuzungusha rungu kwenye mpira ambao, kwa madai ya waendesha mashtaka, haukurushwa ili upigwe. Baada ya mechi mmoja wa wabetiji akamtumia Clase kijipicha cha mzaha cha mtu anayejinyonga kwa karatasi ya chooni. Clase, hati inasema, akajibu kwa kijipicha cha mtoto wa mbwa mwenye uso wa huzuni.

Viwango vya fedha vilivyotajwa katika kesi hii ni vikubwa, lakini mimi nimekwama hapo kwa huyo mtoto wa mbwa. Timu imeshinda. Mrushaji amepata straiki, kitu anacholipwa kukitafuta. Na ikiwa madai ni ya kweli, mrushaji huyo huyo yuko kwenye simu anasikitika.

Kwa ambaye hamjui, Clase si mchezaji wa pembeni. Ni Mdominika aliyekuja Cleveland Desemba 2019 kutoka Texas Rangers, na baada ya kukosa msimu wote wa 2020 kwa adhabu ya mechi 80 ya dawa zilizokatazwa, akageuka kuwa mmalizaji bora wa mechi katika ligi yake: anaingia mwishoni timu ikiongoza, anarusha mpira wa maili 100 kwa saa unaokata kona karibu na mikono ya mpigaji, na mchezo unaishia hapo. Mara tatu amechaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mwaka 2024 alilinda ushindi mara 47, na kwa msimu mzima wa kawaida alihesabiwa pointi tano tu alizoruhusu kwa makosa yake mwenyewe. Tano, katika mechi 74.

Anashtakiwa pamoja na mwenzake Luis Ortiz, Mdominika pia, aliyejiunga na Cleveland Desemba 2024. Madai ni kwamba tangu Mei 2023 Clase alikuwa akiwaambia wabetiji mapema mpira gani atautupa nje au atautupa kwa kasi ndogo, na kwamba Juni 2025 Ortiz naye aliingia kwenye mpango. Wabetiji wanadaiwa kuvuna zaidi ya dola 450,000 kwa jumla, sehemu kubwa ikitokana na mipira ya Clase. Ujumbe unaotajwa katika hati umejaa kuku na majogoo, ambao waendesha mashtaka wanasema ni lugha ya mafumbo. Ortiz anadaiwa kulipwa dola 5,000 kwa mpira mmoja na 7,000 kwa mwingine. Wa kwanza alimrushia Randy Arozarena wa Seattle tarehe 15 Juni, wa pili Pedro Pagés wa St. Louis tarehe 27 Juni. (Ndiyo, Pages mmoja aliwaharibia, Pagés mwingine akawanufaisha, na hawana undugu wowote na kesi hii isipokuwa kwamba walikuwa wamesimama pale.)

Wote wawili wamekana mashtaka. Hapa ninachambua madai tu, sitoi hukumu, na sehemu kubwa ya ninachotaka kusema inabaki pale pale hata kama mahakama itawaachia huru kesho asubuhi.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunajua habari za kuuza mechi. Kipa anafungwa bao la kizembe, beki anaanguka bila kuguswa, jioni kijiweni watu wanaanza kutajiana bahasha. Lakini hata wanaposema mechi imeuzwa, kila mtu anaelewa kwamba biashara hiyo ni ngumu. Mtu mmoja hatoshi. Kipa akikubali, beki anaweza kuokoa mstarini, na mshambuliaji wako asiyejua lolote anaweza kufunga mawili. Besiboli ilipata fedheha yake kubwa mwaka 1919, Chicago White Sox walipopoteza fainali dhidi ya Cincinnati Reds, na waliofungiwa kwa ajili ya hilo walikuwa wachezaji wanane. Wanane, na bado watu wanabishana mpaka leo nani kati yao alicheza kweli na nani alitega, maana Joe Jackson, mmoja wao, alipiga mpira vizuri mno katika fainali ile kwa mtu anayesemekana kuhongwa.

Mpira mmoja ni biashara nyingine kabisa. Mrushaji ameshika mpira mkononi, mwamuzi hana la kufanya mpaka urushwe, mdakaji anakaa chini akisubiri, na wenzake saba waliobaki wamesimama tu. Uamuzi wa kuutupa chini ya magoti au nusu mita nje ya kona ni wake peke yake. Kinachoweza kumharibia ni mpigaji mwenye pupa, kama Pages. Kwa hiyo kampuni zinapofungua soko la kubeti juu ya mpira wa kwanza wa kipindi, boli au straiki, zaidi ya kasi fulani au chini yake, zinafungua soko ambalo matokeo yake yana mwenye nayo mmoja, anayeyajua kabla hayajatokea. Sijui biashara nyingine halali inayokubali utaratibu huo. Hata mnada wa ng'ombe una wanunuzi wanaobishana.

Na gharama kwa mrushaji ni ndogo mno, ndiyo maana jambo hili linavutia. Boli moja kwa kuanzia haipotezi mechi. Mpigaji anahitaji boli nne ili apewe besi ya kwanza bure, hivyo mrushaji hodari akianza na boli moja anaweza kujirekebisha, akamtoa mpigaji yule yule, akashinda, akapongezwa. Mtu anaweza kujiambia kwamba hajamdhulumu yeyote: timu imeshinda, mashabiki wamefurahi, aliyepoteza ni kampuni ya kamari. Nadhani ukimwendea mchezaji na bahasha umwambie apoteze mechi, wengi watakufukuza. Ukimwambia atupe mpira mmoja tu pembeni, katika mechi ambayo bado ataishinda, umemwomba kitu kinachofanana na si kitu.

Kriketi iliyajua haya mapema, na ilipaswa kuwa funzo. Agosti 2010 kwenye uwanja wa Lord's jijini London, Mohammad Amir na Mohammad Asif wa Pakistan walikanyaga nje ya mstari na kurusha mipira batili kwa nyakati zilizopangwa, nahodha wao Salman Butt akiwa ndani ya mpango. Hakuna aliyewaambia wapoteze mechi. Novemba 2011 mahakama ya Uingereza iliwapeleka jela wote watatu. Wakenya wana kidonda chao cha aina hiyo: Maurice Odumbe, nahodha wa zamani na mmoja wa kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, alifungiwa miaka mitano Agosti 2004 kwa uhusiano usiofaa na mtu wa kamari. Na wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza wanamkumbuka Lucas Paquetá, wakati huo wa West Ham, aliyeshtakiwa na chama cha soka kwamba alitafuta kadi nne za njano kwa makusudi. Kadi ya njano pia ni kitu ambacho mchezaji mmoja anaweza kujipatia peke yake. Tarehe 31 Julai 2025 tume huru ilimsafisha Paquetá kwa tuhuma hizo za kupanga kadi. Baada ya miaka miwili ya kutazamwa kwa jicho la pembeni, akaambiwa hana hatia hiyo. Naye pia ni mhanga wa soko hilo, maana kadi isingekuwa bidhaa ya kubeti, hakuna ambaye angemuuliza.

Sasa turudi Marekani tuulize nani aliyeweka meza hii sokoni.

Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya mwaka 1992 iliyozuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo. Novemba mwaka huo huo ligi kuu ya besiboli, MLB, ilikuwa imeshasaini mkataba na kampuni ya kasino ya MGM. Ligi ambayo kwa karne nzima imebandika kanuni ya 21 kwenye kuta za vyumba vya kubadilishia nguo, inayosema kwamba ukibeti mechi unayoshiriki unafungiwa moja kwa moja, ilichukua miezi sita kupata mbia wa kamari. Leo kampuni hizo zina nembo kwenye matangazo ya televisheni na jengo la kubetia la DraftKings limeegemea Wrigley Field, Chicago, uwanja wa tangu 1914. Ohio, jimbo la Cleveland, iliruhusu kubeti tarehe 1 Januari 2023. Mpango unaodaiwa wa Clase, kwa mujibu wa hati, ulianza miezi minne baadaye.

Halafu kuna teknolojia. Kamera za uwanjani zinapima kila mpira: kasi mpaka sehemu ya kumi ya maili, mzunguko, mahali ulipovukia. Data hizo zilikuwa furaha yetu mashabiki na zana ya makocha. Ligi inaziuza rasmi kwa wanaotengeneza masoko ya kubeti. Bila kipimo hicho cha papo kwa papo hakuna anayeweza kulipa dau juu ya kasi ya mpira mmoja. Kwa hiyo siwezi kukubali picha ya ligi kama mwenye nyumba aliyevamiwa usiku. Mlango aliufungua mwenyewe na akatoza kiingilio.

Kuhusu Pete Rose, nyota wa zamani wa besiboli, nitasema machache, maana yamesemwa mno. Alifungiwa 1989 kwa kubeti, akafa Septemba 2024 akiwa bado nje. Tarehe 13 Mei 2025 kamishna wa ligi Rob Manfred aliamua kwamba kifungo cha kudumu kinaisha mtu anapokufa, na majina ya Rose na Joe Jackson yakatoka kwenye orodha ya waliofungiwa. Siku 15 baadaye ndiyo ile mechi ya Pages. Mimi sioni ubaya wa kumsamehe marehemu. Ninachoona ni tofauti ya makosa: Rose alibeti timu yake ishinde, kosa kubwa kwa kanuni, lakini alikuwa anataka ninachokitaka mimi. Anayetaka boli wakati mimi nataka straiki yuko upande mwingine kabisa.

Kilichotokea uwanjani baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike badala ya kukasirika tu. Ortiz aliwekwa likizo ya lazima tarehe 3 Julai, katikati ya mfululizo wa vipigo kumi. Clase akafuata tarehe 28 Julai. Kufikia tarehe 8 Julai Cleveland walikuwa nyuma ya Detroit Tigers kwa mechi 15 na nusu kwenye msimamo wa kundi lao, pengo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifuta na kutwaa ubingwa. Rekodi ya zamani ilikuwa mechi 15 za Boston Braves mwaka 1914. Uongozi wa timu ulishaonyesha kukata tamaa: tarehe 31 Julai walimuuza Shane Bieber, aliyetwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 2020, kwenda Toronto.

Walichofanya wale waliobaki sijawahi kukiona. Cade Smith akapewa kazi ya Clase ya kumalizia mechi. José Ramírez, ambaye mwaka 2022 alikubali mkataba mdogo kuliko thamani yake ili abaki Cleveland, akaendelea kukimbia besi kama mtu anayedaiwa. Nataja Ramírez kwa sababu nyingine pia: yeye ni Mdominika wa Baní, na kuna mashabiki waliotumia kesi hii kusema ovyo kuhusu nchi nzima. Septemba timu ikawaka moto huku Detroit wakiporomoka, na msimu ukaisha Cleveland 88–74, Detroit 87–75. Ubingwa wa kundi kwa tofauti ya mechi moja tu.

Tarehe 23 Septemba, timu hizo mbili zikiwa zimekabana, Tarik Skubal wa Detroit, pengine mrushaji bora duniani kwa sasa, alirusha mpira wa maili 99 kwa saa ukampata David Fry usoni alipokuwa anajaribu kuugusa kwa rungu. Uwanja mzima ukanyamaza. Fry alivunjika mifupa ya uso. Skubal baadaye alikwenda hospitali kumwona. Hakuna shabiki wa Cleveland niliyemsikia akisema Skubal alikusudia, ingawa ubingwa ulikuwa unawaniwa na timu yake ilikuwa inazama. Tulijua ni ajali kwa sababu tunajua mrushaji wa aina yake anataka nini: anataka kumtoa mpigaji. Ukishajua mtu anataka nini, unaweza kumsamehe karibu lolote.

Mchujo wa kwanza ukatukutanisha tena na hao hao Detroit. Mechi ya kwanza Skubal alitoa wapigaji 14 kwa straiki, tukapoteza 2–1. Ya pili tukashinda 6–1. Ya tatu wakatufunga 6–3 na msimu ukafa, kwa haki. Walituzidi.

Kisha fainali, World Series, Dodgers na Toronto Blue Jays, ambayo sisi wa Cleveland tuliitazama kwa sababu ya Bieber. Mengi yatasimuliwa kuhusu fainali ile: mechi ya tatu iliyokwenda vipindi 18 badala ya tisa mpaka Freddie Freeman akaimaliza kwa homurani (mpira uliopigwa hadi nje ya uwanja), kijana Trey Yesavage kutoa watu 12 kwa straiki kwenye mechi ya tano, Yoshinobu Yamamoto kurudi kurusha mechi ya saba siku moja tu baada ya kuanza ya sita na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Mimi nina mpira mmoja tu wa kuuzungumzia.

Mechi ya saba, Toronto, usiku wa tarehe 1 Novemba. Blue Jays walikuwa wamebakiza wachezaji wawili tu wa kuwatoa ili wawe mabingwa pale Miguel Rojas alipopiga homurani ya kusawazisha kipindi cha tisa. Ikafika kipindi cha 11, sare 4–4. Bieber anarusha. Amewatoa wapigaji wawili. Anakuja Will Smith, hesabu boli mbili bila straiki. Bieber anarusha slaida, mpira unaotakiwa kuanguka na kukimbia nje mwishoni, lakini huu haukuanguka. Ulielea juu ya sahani, kile kibao kilicho mbele ya mpigaji, ukamsubiri Smith, naye akaupiga hadi nje ya uwanja upande wa kushoto. 5–4, na ndivyo ilivyoisha.

Niliumia kwa ajili yake. Mtu ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko uliomweka nje zaidi ya mwaka, amerudi, amepewa mpira katika kipindi cha 11 cha mechi ya saba, na slaida moja imemponyoka. Hiyo ndiyo besiboli. Mpigaji bora duniani anashindwa mara saba katika kumi. Mrushaji bora hurusha mipira mibaya kila usiku. Huu ni mchezo uliojengwa juu ya kukosea hadharani, mbele ya watu 40,000, na kesho kurudi tena. Shabiki anachonunua kwa tiketi yake ni haki ya kuumia na kusamehe makosa ya kweli.

Wiki moja na ushee baadaye, tarehe 9 Novemba, hati ya mashtaka ikafunguliwa, na nikajikuta narudi kuangalia Oktoba ya 2024. Clase yule wa pointi tano msimu mzima aliruhusu nane katika michezo ya mchujo peke yake. Dhidi ya Detroit, mechi ya pili, 0–0, wawili wameshatolewa kipindi cha tisa, Kerry Carpenter akampiga homurani ya pointi tatu. Dhidi ya New York Yankees, Aaron Judge na Giancarlo Stanton wakampiga homurani mfululizo, mmoja baada ya mwingine. Wakati ule tulisema amechoka. Tulisema mkono umeisha baada ya mechi 74. Tulimtetea.

Hati ile ya Novemba haidai kwamba mechi zile zilikuwa na mpango wowote. Mimi pia sisemi hivyo. Naamini alichoka. Lakini nilirudisha video ya mpira wa Carpenter nyuma, nikausimamisha, nikautazama unakoelekea, na nilikuwa nautazama kama askari wa upelelezi. Hicho ndicho kilichoibiwa, na hakimo katika hesabu yoyote ya dola zilizotajwa Brooklyn. Kampuni za kamari zitarudishiwa hasara yao ikithibitika. Oktoba yangu ya 2024 hakuna wa kunirudishia, hata Clase akishinda kesi.

Siku moja baada ya hati kufunguliwa, ligi ilitangaza dawa. Kampuni zinazoshika zaidi ya asilimia 98 ya soko la Marekani zimekubali kwamba dau la mpira mmoja lisizidi dola 200, na kwamba mpira mmoja usiingizwe tena kwenye mkeka pamoja na mechi nyingine. Hilo la mkeka ni la maana. Yeyote aliyewahi kupanga mkeka anajua kwamba ukiwa na uhakika wa tukio moja ndani yake, odi za mengine yote unazibeba kwa bei nafuu. Nakubali kwamba wamepunguza faida.

Ila dola 200 ni dola 200 kwa mtu mmoja kwenye akaunti moja. Mwenye habari ya uhakika atatafuta binamu, shemeji na jirani, kila mmoja na programu zake za simu. Si dhana tu. Kwa mujibu wa hati wabetiji hawa walikuwa zaidi ya mmoja na walijua kugawana kazi. Na kwa mrushaji kijana aliyepanda juzi kutoka ligi za chini, ambako mishahara ni midogo kuliko watu wanavyodhani, bahasha ndogo bado ni bahasha. Ortiz mwenyewe alikuwa analipwa takriban dola 780,000 kwa mwaka na anadaiwa kukubali 5,000. Watu wanashangaa: mtu wa mamilioni anahangaikia senti? Mimi sishangai. Watu hawapimi fedha ya dhambi kwa mshahara wao. Wanaipima kwa uzito wa kazi waliyoombwa, na kazi yenyewe hapa ilikuwa nyepesi kama kutupa mpira pembeni.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Bila soko halali, wanasema, tusingejua. Ni kampuni zilizoona dau zisizo za kawaida kwenye mipira ya Ortiz, tahadhari ikatolewa, uchunguzi ukaanza. Kamari ya vichochoroni haina kengele. Kweli kabisa, na ndiyo maana sidai kubeti kwote kupigwe marufuku. Najua nyumbani na huku vijana wangapi watanicheka. Watu wabeti nani atashinda, wabeti jumla ya pointi, wabeti vitu vinavyohitaji timu nzima. Lakini kusifia kengele ya moto iliyofungwa na yule yule aliyemwaga petroli kunahitaji uvumilivu ambao sina. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ambaye ndiye aliyesaini sheria ya kubeti jimboni, sasa anataka beti hizi ndogo ndogo ziondolewe kabisa. Kwa mara ya kwanza niko upande mmoja na yeye.

Wachezaji wenyewe wana sababu ya kulitaka hilo kuliko mimi. Mei 2025 Lance McCullers Jr. wa Houston alicheza vibaya usiku mmoja, na mtu akamtumia vitisho vya kuwaua watoto wake. Polisi walikuja kugundua kuwa ni mbetiji mlevi aliyekuwa nchi nyingine, aliyepoteza pesa. McCullers hakuuza kitu. Alikosea tu, na kukosea kumekuwa deni analodaiwa na watu asiowajua.

Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Kila mtu anazungumzia kikomo cha mishahara na uwezekano wa wamiliki kufunga milango, na vita hivyo vitakuwa vikali. Ningekuwa na kiti kwenye chumba kile ningeweka mezani kifungu kifupi kabla ya kufika huko: data za mpira mmoja haziuzwi kwa ajili ya kubeti, kwa bei yoyote, kwa kampuni yoyote. Wamiliki watasema kipato kitapungua. Chama kiwaulize ni kiasi gani hasa, na kiwaombe waandike tarakimu hiyo kwenye karatasi tuione.